MAPISHI: Akaraje yenye utamu wa embe na ndizi mbivu

JUA linapoanza kuzama katika mtaa wa Rio Vermelho jijini Salvador, kaskazini mashariki mwa Brazil, harufu ya mafuta mekundu ya mawese hukufikia kabla hujamwona anayeyakaangia. Nyuma ya karai ameketi mwanamke aliyevalia sketi pana nyeupe yenye darizi, kilemba kichwani na shanga shingoni. Anachota rojo jeupe kwa kijiko kikubwa cha mbao, analitia umbo la yai kwa kijiko cha pili, kisha analitosa mafutani. Baada ya dakika chache linaibuka likiwa limekauka nje na kupata rangi ya hudhurungi. Analipasua ubavuni kwa kisu, analijaza mchuzi mzito wa korosho na tui, bamia, kachumbari na kamba wadogo waliokaushwa, halafu anakukabidhi kwenye karatasi.

Hiyo ndiyo akaraje, au acarajé kama Wabrazili wanavyoliandika jina hilo. Kabla ya kuijaza, muuzaji atakuuliza iwapo unaitaka moto au baridi. Mgeni hudhani anaulizwa iwapo anataka iliyotoka karaini sasa hivi au iliyokwisha kupoa, naye hujibu kwa furaha kwamba anaitaka moto. Kumbe moto unaozungumziwa hapo ni wa pilipili. Wengi wamelijua hilo machozi yakiwatiririka.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa kitafunio hicho nyumbani, na hasa namna ya kukiongezea utamu wa embe na ndizi mbivu pasipo kukiharibu. Hilo la pili ndilo linalowatatiza wengi, na sababu yake itaonekana hapo baadaye.

Ilikotoka

Jina lenyewe lina asili ya Kiyoruba. Akara ni kitafunio cha kunde ambacho huliwa hadi leo nchini Nigeria, Benin na Togo, aghalabu wakati wa staftahi pamoja na uji. Silabi ya mwisho, je, ina maana ya kula. Kati ya mwishoni mwa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, Wayoruba wengi walitekwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki hadi Bahia, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Salvador. Walifika huko wakiwa watumwa, lakini namna ya kuambua kunde, kuzisaga na kuzikaanga katika mawese hawakuisahau. Kunde na michikichi ni mimea ya Afrika, na yote miwili ilipata makao mapya Bahia.

Katika mitaa ya Salvador ya enzi hizo, baadhi ya watumwa waliruhusiwa kuchuuza bidhaa kwa sharti la kumpelekea bwana wao kiasi fulani cha mapato. Kilichosalia kilikuwa chao. Wanawake walibeba sinia za vyakula kichwani, wakapita wakinadi, na wapo waliodunduliza senti hizo hadi wakajinunulia uhuru wao wenyewe, miaka mingi kabla ya Brazil kuufuta utumwa kisheria tarehe 13 Mei, 1888. Ndiyo maana kitafunio hiki hakitazamwi huko kama chakula cha kupozea njaa tu.

Kuna pia upande wa ibada. Katika dini ya Kandomble, iliyojengwa na Waafrika na vizazi vyao nchini Brazil, akaraje ni sadaka ya Iansã, mungu wa kike wa upepo na dhoruba. Uuzaji wake ulihusishwa kwa muda mrefu na wanawake waliojiweka chini ya ulinzi wa Iansã, na mavazi meupe pamoja na shanga wanazovaa wauzaji, ambao huitwa baiana, yanatokana na desturi hizo.

Mwaka 2005 serikali ya Brazil, kupitia taasisi yake ya urithi wa kihistoria na kisanaa, iliisajili kazi ya wanawake hao kuwa urithi wa kitaifa. Ni vyema kutambua kwamba kilichosajiliwa ni kazi yenyewe: ujuzi wa kupika, meza, mavazi na desturi ya kuuza.

Nani ana haki ya kuibadilisha?

Urithi huo haukuwazuilia wanawake hao misukosuko. Brazil ilipokuwa ikijitayarisha kuandaa mashindano ya soka ya kimataifa, walijikuta hatarini kufungiwa nje ya eneo la uwanja wa Fonte Nova wa Salvador kutokana na masharti ya FIFA kuhusu biashara. Walipinga, wakakusanya sahihi, na mwaka 2013 baadhi yao wakaruhusiwa kuuza uwanjani. Wapo pia Wakristo wa makanisa ya kiinjilisti ambao huuza kitafunio kile kile chini ya jina la kitumbua cha Yesu ili kukitenga na Kandomble. Wanawake wa meza za zamani huona kwamba kwa kufanya hivyo jina lao linachukuliwa na historia yao inatupwa.

Mwaka 2023, filamu ya Barbie ilipovuma, muuzaji mmoja wa Salvador alitengeneza akaraje ya rangi ya waridi. Picha zake zikaenea upesi, na lawama nazo zikafuata. Waliomlaumu walisema kitu kilichobeba kumbukumbu ya utumwa na ibada hakipaswi kupakwa rangi ili kifuate mkumbo. Waliomtetea walijibu kwamba mama huyo ana biashara ya kuendesha.

Je, mtu anayeongeza embe jikoni kwake ana tofauti gani na huyo? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, tofauti ipo. Anayepika nyumbani hamnyang'anyi yeyote mteja wala jina. Hata hivyo ana wajibu mdogo: aijue ya asili kabla ya kuigeuza, na wageni wake awaambie bayana kwamba wanachokula ni akaraje iliyoongezwa embe. Asije akawaacha wakidhani ndivyo wanavyokula watu wa Bahia.

Aidha, kuchanganya utamu na chumvi katika vyakula vya jamii ya kunde si jambo geni. Baada ya uasi wa Waislamu wenye asili ya Afrika jijini Salvador mwezi Januari mwaka 1835, watu wengi walioachwa huru walirudi Afrika Magharibi, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa hiari. Vizazi vya waliotoka Brazil wangali Lagos hadi leo, na siku ya Ijumaa Kuu hula chakula kiitwacho frejon: maharagwe yaliyosagwa na kupikwa kwa tui la nazi na sukari, yakaliwa na mchuzi wa samaki wenye pilipili. Jina hilo limetokana na neno la Kireno la maharagwe. Nasi Wapwani tuna mahamri yenye sukari na iliki ambayo huliwa kwa mbaazi za nazi zilizotiwa chumvi, wala hakuna anayeshangaa.

Utamu uwekwe wapi?

Nilipojaribu kwa mara ya kwanza, nilisaga ndizi mbivu pamoja na kunde na kuongeza vijiko viwili vya sukari. Matokeo yalikuwa madonge meusi kama makaa, na ndani rojo bichi. Nilirudia mara mbili kabla ya kukubali kwamba kosa halikuwa la moto.

Rojo la akaraje husimama kwa vitu vitatu pekee: kunde, kitunguu na hewa. Halina hamira, yai wala unga wa ngano. Hewa huingizwa kwa kupigwa kwa mwiko, na unene wa rojo ndio unaoizuia isitoroke. Ukitia ndizi au embe, umeongeza maji. Rojo linalegea na hewa inapotea. Ukitia sukari, nje huungua kabla joto halijafika katikati. Kwa hivyo donge lenyewe liachwe lilivyo, na utamu wote uingie kupitia kijazio. Ukilizingatia hilo moja, mengine yote utayamudu.

Vinavyohitajika

Kwa akaraje 20 hivi za ukubwa wa wastani:

Kunde kavu gramu 500 (mbegu zake, si majani), ziwe nyeupe zenye jicho jeusi
Vitunguu maji 2 vikubwa, na kimoja kidogo kizima cha kutia karaini
Chumvi vijiko 2 vya chai
Mafuta ya mawese lita 1, au nusu lita ya mawese na nusu lita ya mafuta mengine ya kupikia

Kwa mchuzi mzito uitwao vatapa: mkate mweupe gramu 200, tui la nazi vikombe 2, uduvi mkavu gramu 100, korosho gramu 100, njugu karanga gramu 50, kitunguu 1, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, na vijiko 4 vya mawese.

Kwa utamu: maembe 2 yaliyoiva lakini yangali magumu kiasi (ngowe au dodo yanafaa sana), sukari nguru iliyoparwa vijiko 3, pilipili mbichi 1 au 2, ndimu 1, tangawizi kidogo, na ndizi 2 za mkono wa tembo zilizoiva hadi ganda likaanza kuwa na madoa meusi.

Hatimaye kachumbari ya nyanya, kitunguu na dania, pamoja na kamba wadogo waliokaushwa wa kupambia.

Mafuta ya mawese hupatikana Nairobi katika maduka yanayouza vyakula vya Kongo na vya Afrika Magharibi. Yale ya Kigoma, nchini Tanzania, pia yanafaa. Chagua yaliyo mekundu kwelikweli. Yaliyosafishwa hadi yakawa meupe hayana ladha wala rangi inayotakiwa, na hapo ni afadhali utumie mafuta ya kawaida na kukubali kwamba umepika bajia za kunde.

Kuambua na kusaga

Osha kunde, kisha uziroweke katika maji baridi kwa saa sita hadi nane. Katika maeneo yenye joto ubadilishe maji mara moja au mbili ili zisianze kuchacha. Zikishavimba, zifikiche kwa viganja ndani ya maji. Maganda yataachana na kunde na kuelea. Yamwage, ongeza maji mengine, rudia. Kazi hii huchosha na haina njia ya mkato. Kunde zikisagwa na maganda yake, rojo huwa zito na la kijivu, na akaraje hutoka ngumu. Wauzaji wa Bahia huondoa hata majicho meusi yaliyobakia, ingawa jikoni kwako unaweza kuyasamehe machache.

Chuja kunde ziishiwe maji kabisa. Zamani zilisagwa juu ya jiwe. Siku hizi mashine hutumika hata Salvador. Ukitumia blenda, saga kidogo kidogo pamoja na vitunguu vilivyokatwa, na maji yasizidi vijiko vichache, vya kuiwezesha mashine kuzunguka tu. Vitunguu vyenyewe vina maji ya kutosha. Unatafuta rojo laini linaloning'inia kwenye mwiko pasipo kudondoka.

Sasa lipige. Mimina rojo kwenye bakuli pana na ulivuruge kwa mwiko wa mbao ukiliinua kutoka chini kwenda juu, kwa dakika kumi au zaidi. Litaongezeka, litageuka jeupe zaidi na kuwa jepesi mkononi. Ili kujua limekuwa tayari, dondosha kipande kidogo katika glasi ya maji. Kikielea, hewa imeingia ya kutosha, kikizama, endelea. Chumvi itiwe mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari yamepata moto, kwa sababu chumvi huvuta maji ya kitunguu na kulilegeza rojo likikaa.

Vijazio

Ni busara kuviandaa vijazio kabla ya kukaanga, wakati kunde zingali zinarowekwa.

Kwa vatapa, roweka mkate katika tui hadi ulainike. Saga uduvi, korosho, njugu zilizokaangwa na kuambuliwa, kitunguu na tangawizi. Changanya vyote katika sufuria, weka juu ya moto wa wastani na ukoroge bila kuacha kwa dakika 20 hadi 25, ukiongeza mawese kidogo kidogo. Utajua umeiva unapoanza kuachana na kingo za sufuria. Onja kabla ya kutia chumvi, kwani uduvi una chumvi yake.

Mchuzi wa embe ni mwepesi zaidi. Menya maembe, uyakate vipande vidogo, uyatie sufuriani na sukari nguru, tangawizi iliyoparwa, pilipili iliyokatwakatwa na chumvi chembe. Pika kwa moto mdogo kwa dakika 15 hivi, hadi nusu ya vipande iwe imevurugika na nusu ingali mizima. Epua, kisha ndipo ukamulie ndimu. Sukari nguru ina harufu ya moshi ambayo huelewana vyema na mawese. Sukari nyeupe hutia utamu mtupu. Mchuzi huu usiwe kama jemu. Ukiuonja peke yake, uchachu na pilipili vitangulie, utamu ufuate.

Ndizi zikate vipande vya mshazari na uzikaange upesi katika mafuta kidogo, sufuria nyingine, hadi kingo zikolee rangi. Usizikaange katika mafuta ya akaraje, maana sukari yake itayaharibu.

Bamia, ambazo Bahia hupikwa na uduvi na mawese na kuitwa karuru, tumeziacha nje ya mapishi haya. Utelezi wake pamoja na embe haukunipendeza. Asiyetumia embe asiziache.

Kukaanga

Pasha mafuta katika karai lenye kina, dirisha likiwa wazi, kwani mawese hutoa harufu kali ambayo hukaa katika mapazia kwa siku kadhaa. Tia kile kitunguu kidogo kizima. Wauzaji wa Salvador hufanya hivyo wakiamini kwamba huzuia mafuta yasiungue, na kwa mpishi asiye na kipimajoto ni kielelezo kizuri: kikianza kutokota kwa povu dogo pande zote, mafuta yako tayari. Mwenye kipimajoto ayaweke kati ya nyuzi 170 na 180. Mafuta yakianza kufuka moshi na kupoteza wekundu wake, yamezidi, punguza moto. Yakishika moto, funika karai kwa kifuniko na uzime jiko. Maji yasiyakaribie kamwe.

Chota rojo kwa kijiko kikubwa, lipe umbo kwa kijiko cha pili na ulitose taratibu. Usijaze karai, manne au matano kwa mara moja yanatosha. Kaanga dakika tatu hadi nne kila upande. Pasua la kwanza ulitazame kabla ya kuendelea: ndani liwe jeupe, lenye vitundu na mvuke, si bichi wala kavu. Lirudishe rojo kwenye mwiko kila unapomaliza mkupuo mmoja, kwa kuwa likikaa hushuka.

Kujaza na kuandaa

Pasua akaraje ubavuni ikingali moto, bila kuitenganisha. Tandaza vatapa kwanza ili ikinge umajimaji, halafu kijiko kimoja cha embe, vipande viwili vya ndizi, kachumbari, na kamba wakavu juu kabisa. Kamba na embe wakae karibu, kwa kuwa hapo ndipo chumvi na utamu vinapokutana mdomoni. Anayependa pilipili zaidi aongezewe. Muulize kama wanavyoulizwa wateja wa Salvador, lakini mweleze kwanza maana ya moto.

Wasioweza kula kamba au njugu waulizwe mapema, maana vatapa ina vyote viwili. Vatapa isiyo na uduvi, yenye korosho na tangawizi zaidi, bado huwa na ladha nzuri.

Akaraje haikubali kuwekwa. Baada ya saa moja huwa imelainika, na ikipashwa tena hunywa mafuta. Rojo likibaki, lichanganye na uduvi uliosagwa na mawese kidogo, lifunge katika majani ya mgomba yaliyobabuliwa kwa moto, na ulipike kwa mvuke kwa dakika 40 hivi. Watu wa Bahia huliita abara, nalo huuzwa kwenye meza hizo hizo kwa wasiotaka cha kukaanga. Lililopoa, likapakwa mchuzi wa embe uliosalia, hufaa sana kwa staftahi ya siku ya pili.